Mafua ya aleji kwa mtoto mwanamichezo: Piriton, setirizini, dawa ya kupuliza puani au maji ya chumvi?

Mtoto anayecheza mpira kila jioni hapumui kama mtoto aliyekaa sebuleni. Akikimbia anavuta hewa nyingi, sehemu kubwa kwa mdomo, na kila kinachoelea hewani kinaingia naye: chavua ya nyasi, vumbi la uwanja, moshi wa takataka zinazochomwa kwa jirani. Kama ana mzio wa pua, saa moja ya chandimu inatosha kumrudisha nyumbani macho mekundu na kamasi inachuruzika. Na dawa yake nayo inahitaji kufikiriwa tofauti. Dawa ikimkausha kamasi lakini ikamlaza darasani na kumfanya mzito uwanjani, hujamsaidia.

Mimi niko nyuma ya kaunta ya famasi, Arusha, na miezi ambayo mvua za masika zinakatika ndiyo miezi ya wazazi kuja na mtoto mkononi wakiomba "dawa ya mafua yasiyoisha". Dawa ziko nyingi rafuni, na tofauti kati yake ni kubwa kuliko maboksi yanavyoonyesha. Nitazilinganisha kwa kumfikiria mtoto wa shule ya msingi, wa miaka 6 hadi 12, anayekimbia na anayetaka kuendelea kukimbia.

Hakikisha ni aleji kwanza

Mafua ya virusi huja na koo kuuma, pengine homa kidogo, kamasi inaanza nyepesi kisha inakuwa nzito, na baada ya siku 7 hadi 10 yamekwisha. Aleji haina homa. Kamasi ni maji matupu, chafya zinakuja tano, sita mfululizo, na dalili kubwa ni kuwashwa. Mtoto anafikicha macho, anajikuna pua, anatoa mlio kooni akijaribu kukuna kaakaa kwa ulimi. Ukimtazama atakuwa anasukuma ncha ya pua kwenda juu kwa kiganja, mara nyingi hadi wengine wanapata mkunjo mwembamba unaokatiza pua. Hiyo ikijirudia kila msimu, au kila asubuhi anapoamka, huna sababu ya kununua antibiotiki. Amoksilini haigusi aleji.

Kuna hali moja ya kuiangalia kwa mdogo wake, wa chekechea: kamasi yenye harufu mbaya inayotoka tundu moja tu la pua. Huyo mara nyingi ameingiza punje ya mahindi, shanga au kipande cha sponji. Mpeleke kituo cha afya kikatolewe, usimpulizie chochote.

Kuhusu kinachomsababishia, huku nyanda za juu nyasi ni mtuhumiwa wa kwanza, na ukoka unaofunika viwanja vyetu vingi ni miongoni mwa nyasi ambazo chavua yake husumbua sana watu. Chavua ya nyasi hubebwa na upepo. Mijakaranda inalaumiwa bure kila Oktoba na Novemba kwa sababu maua yake yanaonekana. Chavua yake hubebwa na wadudu, hairuki hewani kwa wingi. Pwani, kuanzia Mombasa hadi Tanga, Dar es Salaam na Unguja, hali ni nyingine: unyevu unalea vijidudu vya vumbi visivyoonekana kwa macho, wanaoishi kwenye magodoro na mito. Mtoto wa huko huamka na chafya, mwaka mzima, na mpira unasingiziwa tu.

Piriton dhidi ya setirizini na loratadini

Piriton ndiyo inayoombwa kwa jina. Ina sifa mbili za kweli: bei yake ni ndogo, na utaipata hadi kwenye duka la dawa muhimu la kijijini. Na inafanya kazi. Chafya zinapungua, kuwashwa kunapungua, kamasi inakauka.

Lakini ni dawa ya kizazi cha zamani, na dawa za kizazi hicho hupenya hadi kwenye ubongo. Histamini inayoleta chafya puani ndiyo hiyo hiyo ambayo ubongoni humweka mtu macho. Ukiizuia kote, mtoto anasinzia. Tena nguvu yake haidumu, inabidi irudiwe kila baada ya saa 4 hadi 6. Sasa piga picha ya siku ya mwanafunzi wa darasa la nne. Akinywa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, somo la hesabu linamkuta anapiga miayo. Akirudia saa tisa alasiri, anafika mazoezini mzito, mdomo umemkauka, mpira unapita mbele yake anautazama. Mwalimu anaandika "hana bidii", kocha anamtoa nje, na hakuna anayejua kwamba ni dawa. Wachache hufanya kinyume chake, wanachachamaa na kukosa utulivu.

Wazazi wengi huniambia wanaitoa usiku tu ili mtoto alale. Naelewa, nyumba nzima inahitaji kulala. Ila usingizi wa Piriton si usingizi mzuri wa mtoto, na uzito wake unaweza kubaki hadi asubuhi. Kama ndiyo pekee iliyopo na mtoto anateseka, itoe usiku huo. Isiwe dawa ya msimu mzima.

Promethazini, ambayo wengi wanaijua kama Phenergan, inalaza zaidi. Kwa mtoto wa chini ya miaka 2 ni hatari, inaweza kudhoofisha kupumua. Marekani iliiwekea onyo kali kwa umri huo mwaka 2004. Kwa mafua ya aleji siitoi kabisa.

Setirizini na loratadini ni za kizazi cha baadaye, haziingii sana ubongoni. Majina yake kwenye boksi utayasoma Cetirizine na Loratadine. Zote zipo za maji na za vidonge, zote siku hizi hazina bei ya kutisha, na kampuni zinazozitengeneza ni nyingi, kwa hiyo ya bei nafuu iliyosajiliwa inatosha.

Setirizini huanza kazi ndani ya saa moja hivi, na kwa kuwashwa na chafya ina nguvu nzuri. Mtoto wa miaka 2 hadi 5 hupewa miligramu 2.5 mara mbili kwa siku, wa miaka 6 hadi 11 miligramu 5 mara mbili. Dawa ya maji mara nyingi ina miligramu 5 katika mililita 5, lakini soma chupa uliyoshika, zinatofautiana. Kasoro yake ni kwamba bado inawasinzisha baadhi ya watoto, si kama Piriton, lakini wapo. Jambo jingine la kujua: Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwamba watu waliokuwa wakitumia setirizini kila siku kwa muda mrefu wakiiacha wanaweza kupatwa na mwasho mkali wa mwili. Ni nadra. Ila mzazi akiujua, hatadhani mtoto amepata aleji mpya.

Loratadini hutolewa mara moja tu kwa siku kuanzia miaka 2: miligramu 5 kwa mtoto wa chini ya kilo 30, miligramu 10 akiwa na kilo 30 au zaidi. Inalaza kidogo kuliko setirizini, na Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa watoto. Baadhi ya wazazi hunieleza kwamba inachelewa kidogo kuonyesha matokeo kuliko setirizini.

Kwa mwanafunzi anayecheza, mimi huanza na loratadini asubuhi. Ikipita wiki moja bado anajikuna na kupiga chafya, nahamia setirizini. Watoto hawafanani hapa: dada mtu atafaulu kwa hii na kaka mtu kwa ile. Usizichanganye mbili kwa siku moja ukidhani nguvu itaongezeka, na usiongeze Piriton ya usiku juu yake. Feksofenadini, ya kizazi hicho hicho cha baadaye, ndiyo inayolaza kidogo kuliko zote, lakini ni ghali, na inapaswa kunywewa kwa maji matupu kwa sababu juisi ya machungwa au ya matofaa hupunguza kiasi kinachoingia mwilini.

Na kipimo kipimwe kwa bomba lisilo na sindano au kijiko cha plastiki kilichokuja na chupa. Vijiko vya chai vya jikoni havilingani, nimevipima.

Ya kunywa au ya kupuliza puani?

Hapa ndipo ningependa mzazi atulie zaidi, kwa sababu ndiko chaguo bora huachwa rafuni.

Dawa ya kunywa ni nzuri kwa chafya, kuwashwa na kamasi ya maji. Kwa pua iliyoziba haina nguvu kubwa. Na kwa mtoto anayekimbia, pua iliyoziba ndiyo shida yenyewe: anapumua kwa mdomo, koo linakauka, anachoka mapema, usiku anakoroma, asubuhi anaamka hajapumzika. Dawa ya steroidi ya kupuliza puani inashughulika na uvimbe wenyewe ndani ya pua. Mwaka 1998 jarida la tiba la BMJ lilichapisha uchambuzi wa majaribio 16 uliolinganisha dawa hizi za kupuliza na antihistamini za kunywa, yaani kundi la Piriton, setirizini na loratadini, na za kupuliza zilishinda kwa kuziba, kamasi, chafya na kuwashwa pua. Kwa macho hazikupishana.

Neno steroidi linawaogopesha wazazi, na wana haki ya kuuliza. Kiasi kinachopulizwa huhesabiwa kwa mikrogramu, na kinafanya kazi pale pale puani. Lakini zote haziko sawa. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa watoto wa miaka 6 hadi 9 waliopuliza beklometasoni mara mbili kila siku kwa mwaka mzima: waliongezeka urefu wastani wa sentimita 5.0, wakati wenzao waliopuliza chupa isiyo na dawa ndani, kwa kulinganisha, waliongezeka 5.9. Utafiti wa aina hiyo kwa mometasoni, uliochapishwa mwaka huo huo, haukuona watoto wakichelewa kurefuka. Kwa hiyo kama bajeti inaruhusu, mometasoni au flutikasoni ndizo za mtoto atakayetumia kwa miezi. Kama beklometasoni ndiyo iliyopo, itamfaa kwa msimu, kwa kipimo cha chini kinachomtosha, na urefu wake upimwe kila baada ya miezi michache. Umri nao: mometasoni huruhusiwa kuanzia miaka 2 au 3 kutegemea nchi, flutikasoni propionati kuanzia 4, budesonidi na beklometasoni kuanzia 6. Mtoto ambaye tayari anatumia kifaa cha pumu chenye steroidi, daktari wake aambiwe, maana vipimo vinajumlishwa.

Bei ya chupa moja ni kubwa kuliko chupa ya dawa ya maji, na duka la dawa muhimu mara nyingi hawana, itabidi ufike famasi. Ila chupa ina dozi nyingi, kwa kawaida 120 au zaidi, na ukigawanya kwa siku utakuta tofauti si kubwa kama ulivyodhani.

Sababu inayofanya wazazi waseme "haikusaidia" kwa kawaida ni mojawapo ya mbili. Ya kwanza ni haraka: walipuliza siku tatu wakaacha. Dawa hii hukusanya nguvu taratibu, unafuu kamili huja baada ya wiki 1 hadi 2, na lazima ipulizwe kila siku, hata siku ambayo hajapiga chafya. Kama unajua msimu wa mwanao, anza wiki mbili kabla. Ya pili ni mkono. Hivi ndivyo ninavyowaonyesha kaunta:

Mtoto apenge kamasi kwanza. Tikisa chupa, kama ni mpya, puliza hewani mara kadhaa hadi itoke ukungu sawasawa. Ainamishe kichwa kidogo mbele, kama anayetazama vidole vya miguu, asikiinue juu. Chupa ishikwe kwa mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, na mkono wa kushoto kwa tundu la kulia. Mikono ikipishana hivyo, mdomo wa chupa unaelekea nje, upande wa sikio, badala ya kupiga ule ukuta wa katikati ya pua. Bonyeza huku akivuta pumzi taratibu, basi. Asivute kwa nguvu. Akisema "mama, naonja chungu kooni", amevuta sana na dawa imemezwa. Damu kidogo ikitoka puani, mara nyingi ni kwa sababu dawa inapigwa kwenye ukuta wa katikati. Pumzisha siku chache, kisha rudia kwa kuelekeza nje.

Ipo pia ya kupuliza yenye antihistamini, azelastini, inayofanya kazi ndani ya dakika 15. Ladha yake ni chungu na kuipata ni kazi. Sijaona sababu ya kuihangaikia kwa mtoto kabla ya kujaribu hizi nyingine.

Maji ya chumvi

Hii ndiyo ya bei ndogo kuliko zote, na kwa mtoto wa uwanjani naithamini sana. Haizuii mzio, inaosha kilichonasa. Majaribio yaliyopo ni madogo, lakini yanaelekea upande mmoja: dalili hupungua, na madhara ni machache. Ukiongeza dawa ya kupuliza juu ya pua iliyosafishwa, dawa inagusa mahali pake badala ya kukaa juu ya kamasi.

Chemsha maji hadi yatokote kwa dakika nzima, yaache yapoe yawe vuguvugu, pima kikombe kimoja cha mililita 240 hivi, weka robo hadi nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chembe ya bekingi soda hupunguza ukali, magadi hapana. Wanaoishi juu ya mita 2,000, kama Eldoret au Iten, wachemshe dakika 3, kwa sababu huko maji hutokota kabla ya kufikia joto la kutosha. Kuchemsha si hiari. Maji ya bomba au kisima yanaweza kuwa na amiba ambaye akimezwa hana neno, lakini akipanda juu puani anaweza kufika ubongoni. Ni nadra mno, na karibu kila anayempata hufa.

Mtoto ainame juu ya beseni, mdomo wazi, aseme "aaa" huku unaminya chupa laini kwenye tundu la juu. Maji yatokee tundu la pili. Mara ya kwanza atalalamika. Mtoto aliyezoea kupandisha maji puani wakati wa udhu hujifunza upesi. Wa chini ya miaka 5 matone machache ya maji ya chumvi yaliyotengenezwa kiwandani yanamtosha. Wakati mzuri ni mara tu anaporudi kutoka uwanjani, kabla hajakaa kwenye kochi.

Matone ya kuzibua na dawa za mchanganyiko

Matone ya ksailometazolini yanafungua pua ndani ya dakika chache, na hapo ndipo mtego ulipo. Yanabana mishipa ya damu, nguvu ikiisha mishipa inatanuka zaidi, na baada ya siku kadhaa mtoto hawezi kupumua vizuri bila matone. Siku 5 ndiyo mwisho, na kwa aleji inayodumu miezi hayana nafasi, isipokuwa pua imeziba kabisa kiasi kwamba dawa ya kupuliza haipiti, basi siku mbili tatu za mwanzo.

Dawa za mafua za mchanganyiko, zile zenye kitu cha homa, cha kuzibua pua na cha aleji kwa pamoja, nazikataa kwa mtoto mwenye aleji. Hana homa, kwa nini anywe parasetamoli? Mama akiongeza parasetamoli nyingine usiku, dozi inakuwa mara mbili bila yeye kujua. Kingine ni finilefrini iliyomo kwa wingi katika dawa hizi: Septemba 2023 jopo la wataalamu wa FDA lilipiga kura, wote 16, kwamba ikinywewa haizibui pua.

Macho

Kama macho ndiyo yanayomsumbua zaidi kuliko pua, kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi kwa dakika chache, setirizini au loratadini, na matone ya antihistamini au ya kromoglikati. Kromoglikati ni salama sana lakini hutaka uvumilivu, mara 4 kwa siku, na hufanya kazi taratibu. Ketotifeni ni mara 2 kwa siku na inafaa kuanzia miaka 3.

Ninachokiogopa ni matone yenye deksamethasoni, ambayo mara nyingi huwa yamechanganywa na antibiotiki. Yanatuliza macho vizuri kiasi kwamba mzazi anayarudia mwenyewe, chupa baada ya chupa. Kuna aleji ya macho inayowapata sana watoto wa Afrika, hasa wavulana, macho yanakuwa na rangi ya kahawia kuzunguka mboni na kuwasha hakuishi miaka. Hao ndio wanaozoeshwa matone hayo. Steroidi ya macho ikitumika bila kupimwa inapandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, na uoni ukipotea kwa presha haurudi. Mtoto wa hivyo aende kwa daktari wa macho, na matone ya steroidi yatoke mkononi mwake tu.

Acheze au asicheze?

Acheze. Kumfungia ndani kunampunguzia chavua na kumwongezea vumbi la kitanda, na kunamnyima kitu kinachomjenga mapafu na moyo. Kinachobadilika ni utaratibu. Akirudi, nguo za mpira zivuliwe mlangoni, aoge na kuosha nywele kabla ya kula, kisha maji ya chumvi. Vaselini kidogo kwenye kingo za pua kabla ya mechi husaidia kunasa chavua. Siku ya kufyeka uwanja, mazoezi yahamie sehemu nyingine. Ongea na kocha, wengi ni waelewa ukiwaambia mapema.

Kwa watoto wa pwani, na wowote wanaoamka na chafya, kazi kubwa iko chumbani. Godoro na mito vianikwe kwenye jua kali saa kadhaa, shuka zifuliwe kila wiki, kwa maji ya moto ya nyuzi 60 ukiweza, kwa sababu maji baridi husafisha uchafu lakini vijidudu wengi hubaki hai. Udi, ubani na dawa ya mbu ya kuchoma visiwashwe anapolala. Moshi si aleji, lakini pua iliyovimba tayari haiuvumilii. Kwa sababu hiyo hiyo kumfukiza mtoto chini ya blanketi simshauri mtu: mvuke hauzuii mzio, na sufuria ya maji ya moto imewaunguza watoto wengi.

Sindano, vidonge vya steroidi na montelukasti

Haya nayapitia haraka kwa sababu mengi si ya kuamua kaunta. Vidonge vinavyochanganya betametasoni na antihistamini, Celestamine na wenzake, vinatuliza kila kitu ndani ya siku moja, na ndiyo maana vinapendwa. Ni steroidi ya mwili mzima. Ikirudiwa rudiwa inagusa ukuaji, sukari, mifupa na kinga. Sindano ya steroidi inayokaa mwilini wiki kadhaa ni mbaya zaidi kwa mtoto, maana ikishachomwa huwezi kuitoa. Montelukasti, dawa ya kumeza inayotumika pia kwa pumu, tangu Machi 2020 ina onyo kali la FDA kuhusu mabadiliko ya tabia, ndoto mbaya na mawazo ya kujidhuru, na ushauri ni kutoitumia kwa aleji ya pua kama dawa nyingine zinafaa.

Kwa mwanariadha chipukizi anayekaribia mashindano yenye vipimo: loratadini, setirizini na steroidi ya kupuliza puani haziko kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku na WADA, shirika la dunia linalopinga dawa za kusisimua michezoni. Steroidi ya kumeza au ya sindano imekatazwa wakati wa mashindano, na sudoefedrini iliyomo kwenye baadhi ya dawa za mafua ina kikomo. Makocha wa Iten wanalijua hili. Wazazi wa watoto wa UMISSETA na UMITASHUMTA, michezo ya shule za Tanzania, wengi bado.

Ningechagua hivi

Madaktari hupima kwa siku 4 na wiki 4. Dalili zikija chini ya siku 4 kwa wiki, au zikidumu chini ya wiki 4 mfululizo, na shida ni chafya na kuwashwa: loratadini siku zenye dalili, na maji ya chumvi baada ya mpira. Zikizidi siku 4 kwa wiki na zikavuka wiki 4, au pua imeziba na anakoroma, au shule na mchezo vinaharibika: mometasoni au flutikasoni kila siku, mkono uliopishana, na maji ya chumvi kabla yake. Loratadini iongezwe tu kama kuwashwa kwa macho kumebaki. Pesa ikiwa ni ya kitu kimoja na pua ndiyo iliyoziba, nunua ya kupuliza, acha ya kunywa.

Mpe wiki 4 za kutumia sawasawa kabla ya kusema imeshindwa. Ikishindwa kweli, daktari wa masikio, pua na koo ataangalia kama nyama za nyuma ya pua zimekua, na hospitali kubwa za rufaa zinaweza kupima ngozi kujua mzio ni wa nini hasa.

Usisubiri wiki hizo kama anakohoa kila anapokimbia, kifua kinalia filimbi, anaamka usiku kwa kikohozi, au anaacha mchezo katikati akishika kifua. Aleji ya pua na pumu hukaa nyumba moja mara nyingi sana, na hakuna dawa hata moja kati ya hizi inayotibu shambulio la pumu. Akihema kwa kasi hadi mbavu zinaingia ndani au hawezi kumaliza sentensi, mkimbize hospitali muda huo huo.